Kasala ya Kichuguu

Waluba wana kasala, utungo wa kumsifu mtu kwa kumtajia mababu zake mpaka machozi yamtoke na mkono uingie mfukoni. Hapa Lubumbashi nimesikia wakisifiwa machifu, maaskofu, wachezaji wa TP Mazembe, wabunge, na mfanyabiashara mmoja ambaye sifa yake pekee ilikuwa kuleta bia ya kutosha kwenye matanga ya watu wengine. Kichuguu sijasikia kikisifiwa hata siku moja, na hiyo ni aibu kwa mji mzima. Basi mimi mkazi wa komini ya Katuba, mwenye parsele, yaani kiwanja, ambayo robo yake imekaliwa na kichuguu, na robo tatu zilizobaki zimekaliwa na mchwa wake, nimejitolea kuifuta aibu hiyo.

Kasala huanza na ukoo, na kwa upande wa ukoo hakuna mheshimiwa yeyote wa mkoa huu anayeweza kusimama mbele ya kichuguu. Mchwa wanaovijenga vile vikubwa vya kwetu, wataalamu wanawaita Macrotermes falciger. Kichuguu chao kinaweza kufika mita 8 kwenda juu na mita 15 kwa upana wa chini. Watafiti waliopima kaboni katika udongo wa vichuguu vya pembezoni mwa Lubumbashi, na kutoa matokeo yao mwaka 2015, walikuta kimoja, kilichokwisha kuhamwa, kikiwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Yaani kilikuwa kinapanda kabla Bwana Yesu hajazaliwa. Na waliokijenga ni wadudu wasio na macho, wasio na mhandisi, wasio na mkopo wa benki.

Hesabu mwenyewe kilichowapitia. Msiri alikuja kutoka Unyamwezi akaweka ufalme wake Bunkeya. Kichuguu kilikuwa mzee tayari. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akatangaza kwamba ardhi yote isiyo na mtu ni ya Dola lake. Kichuguu, kilichokuwa na watu zaidi ya milioni ndani, hakikuulizwa. Msiri akauawa mwaka 1891. Kamati Maalumu ya Katanga ikaundwa 1900, kampuni ya madini ya Union Minière 1906, mji wa Élisabethville ukaanzishwa 1910. Uhuru ukaja mwaka 1960, na haikupita hata wiki mbili Tshombe akaifanya Katanga nchi peke yake. Kichuguu hakikuomba pasipoti. Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Kongo ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba, kisha Zaire ikawa Kongo tena na Shaba ikawa Katanga tena, halafu mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne na sisi tukaangukia Haut-Katanga. Kila badiliko lilikuja na muhuri mpya, na kila muhuri ulikuja na malipo yake. Kichuguu kilibaki na jina lake, mahali pake, na hakijalipa hata senti.

Sasa naomba wanasheria wasogee karibu. Sheria yetu inasema mtu aliyepewa ardhi ni lazima aiendeleze, la sivyo anaweza kunyang'anywa. Haya, nani kati ya wakazi wa Katuba ameiendeleza parsele yake kama kichuguu? Mimi nina vyumba vitatu na ukuta ulioishia nusu. Jirani yangu ana msingi tu, juu yake pameota lengalenga. Kichuguu kina ghorofa, korido, njia za hewa, bustani za chini ambamo mchwa wanalima kuvu wa kula, na chumba cha malkia kilichofungwa vizuri kuliko nyumba ya gavana. Umiliki wake hauna mgogoro wa mirathi, kwa sababu malkia ni mmoja na hana shemeji. Hakina kesi mahakamani. Hakijauzwa mara mbili kwa watu wawili. Mpimaji alipokuja zamani kuikata mitaa ya Katuba kwa kamba na vigingi, kingekuwa na haki ya kumuuliza: wewe nani amekutuma? Kilinyamaza, kwa adabu ya wazee. Kwa hiyo kwa hoja zote za sheria na busara mimi ndiye mpangaji, na kodi ya miaka yote niliyokaa hapa ningepaswa kuipeleka pale nyuma ya choo, kwenye mlango wa mwenye nyumba.

Sifa nyingine nitazipitia mbiombio, maana ni nyingi na ninyi mna kazi. Kinatupa uyoga msimu wa mvua, mwingine mpana kama sinia, unaouzwa barabarani kabla haujakauka umande. Kinatupa inswa, yaani kumbikumbi, mvua za kwanza zikianguka Novemba, na watoto wanawaotea chini ya taa, siku ambayo umeme upo. Wataalamu wa madini walikuwa wakichota udongo wake wajue chini kuna nini, kwa kuwa mchwa hushuka mbali kufuata maji na udongo mbichi, wakapanda navyo juu. Jiolojia ya bure, isiyo na kibali. Mafundi wa zamani wa shaba, wale waliotengeneza misalaba iliyokuwa fedha ya nchi hii, walijengea tanuru zao udongo huohuo. Na kule Harare, mwaka 1996, lilifunguliwa jengo la Eastgate ambalo mchoraji wake, Mick Pearce, alisema alijifunza kwa mchwa namna ya kupooza hewa bila mashine kubwa. Jengo lile linatembelewa na wageni kutoka dunia nzima. La kwangu linatembelewa na kuku.

Ila sifa ya ujenzi haifai kuharakishwa, kwa sababu Katuba tunaishi ndani yake. Fundi matofali alikuja kuniona siku moja, hakuja kunisalimia mimi. Alikizunguka kichuguu, akakigonga kwa mpini wa jembe, akamega bonge la udongo kutoka ubavuni. Akalitemea mate. Akalikanda kwa kidole gumba, akaliviringisha kati ya viganja hadi likawa uzi mwembamba, akaupinda ule uzi duara kamili. Haukukatika. Akaniangalia kwa huruma.

"Papa, hii kichuguu iko na nyumba mbili ndani yake. Unauzisha, ao unangoja mpaka itakuangukia?"

Alikuwa anasema kweli. Udongo wa kawaida wa huku una kokoto na mchanga. Wa kichuguu umechambuliwa punje kwa punje kinywani mwa mchwa, umebaki laini, unaoshika. Ukiufyatua haupasuki ovyo ukikauka. Ukiupiga sakafuni na kuusugua kwa jiwe unang'aa. Ndiyo maana ukipita mitaa yetu, Upemba, Lufira, Kisale, kuta nyingi unazoziona chini ya mabati ni wajukuu wa vichuguu vilivyosagwa. Hatukuvibomoa, tumevipanga upya kwa pembe mraba.

Kasoro inaanza kwenye moto. Matofali mabichi hayavumilii mvua zetu kama hayakufunikwa vizuri, kwa hiyo tunayapanga tanuru, tunalipaka tope, tunalilisha magogo usiku na mchana. Magogo hayo ni ya msitu wa miombo, msitu uleule unaotupa makaa ya kupikia bukari, ugali wetu, na kila mwaka msitu unasogea mbali zaidi na mji. Dawa ya jambo hili inajulikana. Tangu miaka ya 1950, huko Bogotá, walitengeneza mashine ya mkono ya kushindilia udongo na saruji kidogo tu, tofali likatoka gumu bila kuchomwa. Inatosha vijana wawili na mpini mrefu. Lakini bei ya mfuko wa saruji hapa mnaijua, na bei ya gogo la wizi ni mgongo wa anayelibeba. Tena kichuguu kikiisha kubebwa, linabaki shimo, shimo linajaa maji, maji yanazaa mbu, na mbu hawaendi kwa fundi matofali.

Shambani nako mzee huyu hana mpinzani. Udongo wetu mwekundu unapendeza kwenye picha, ila mvua za karne nyingi zimeuosha chakula chake chote. Umebaki na chuma, na alumini, na uchachu. Kichuguu kinafanya kinyume: mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, chokaa inajikusanya ndani yake mpaka unakuta vidonge vyeupe, na uchachu unapungua. Mama mmoja anayelima nje ya mji alinionyesha mahindi yake. Shambani, tambarare, yalikuwa ya manjano na yanafika kiunoni. Kwenye ubavu wa kichuguu yalikuwa meusi kwa ukijani na yamempita kichwa. Wakulima kama yeye huutawanya ule udongo shambani, wakachanganya na mavi ya kuku na majani, kwa kuwa kichuguu peke yake si mbolea kamili. Wanaepuka gharama ya chokaa ya mfuko. Hicho ndicho kinachoitwa kwenye semina kilimo endelevu, na kwenye semina hizo mkulima huyo hajawahi kualikwa hata kula biskuti.

Hapa ndipo ningependa kupandisha sauti na kumalizia kwa shangwe. Lakini nimeinua macho nikaona fremu ya mlango wangu.

Fremu ile niliinunua ya mbao ya muvula, nikaambiwa mchwa hawaiwezi. Mshipa wa udongo ulipanda ukutani kutoka chini, mwembamba kama kidole cha mtoto, ukapita nyuma ya chokaa ya ukuta, ukaingia kwenye mbao kwa ndani. Nje rangi ilibaki nzuri, ya buluu, inang'aa. Siku niliyoiegemea, mkono ukazama. Ndani hakukuwa na mbao, kulikuwa na udongo uliofinyangwa kwa umbo la mbao, na askari wenye vichwa vya kahawia wakitoka kuniuliza nataka nini. Nimemwaga mafuta machafu ya gari. Nimemwaga chumvi. Nimemwaga dawa ya soko la Kenya, soko la hapahapa mjini, ambayo muuzaji aliniapia kwa jina la mama yake, na mchwa waliinywa wakanenepa. Nimechimba kumtafuta malkia hadi mgongo ukakataa. Wamekula paa upande wa jikoni, wamekula kabati, wamekula viatu vya harusi yangu, kisha wakaingia kwenye sanduku la bati, sijui kwa mlango upi, wakala karatasi za parsele.

Karatasi za parsele! Mtu wa Katuba anaweza kupoteza jino, kazi, hata mke, akaishi. Karatasi za parsele akipoteza, kila mgeni anayevaa suti akipita barabarani moyo unaruka.

Hata hivyo, tuwe wa haki. Mchwa wangu waliniachia namba ya parsele na nusu ya muhuri. Walikula kingo, wakala tarehe, wakaacha la maana. Nilichukua mabaki yale kwenye mfuko wa plastiki nikaenda kwenye ofisi moja, ambayo siitaji, kuomba nakala. Walinikaribisha kwenye benchi. Mkubwa hakuwapo. Kesho yake mkubwa alikuwapo ila mwenye funguo hakuwapo. Kulikuwa na malipo ya fomu, malipo ya kutafuta faili, malipo ya vumbi lililokuwa juu ya faili, maana karani alikohoa mbele yangu akasema afya yake nayo ni ya Serikali. Mwishowe nikaambiwa, kwa uso wa msiba, kwamba faili langu halipo.

"Papa, mchwa walikula."

Nilikaribia kulia kwa udugu: kumbe hata huko wapo! Ila jioni ileile nikasikia kwamba kuna bwana mwingine anayo karatasi ya parsele hiyohiyo, mpya, nzima, tarehe zote zinasomeka, imetoka kwenye kabati lilelile. Mchwa wa ofisi ile walilipita faili lake bila hata kulilamba, wakaenda moja kwa moja kwenye langu. Wakuu, mchwa wa Katuba wanakula chochote kilicho mbele yao, chako na changu, kwa usawa. Mchwa wa maofisini wanasoma jina kwanza. Dawa yao haiuzwi soko la Kenya.

Ndipo nikaelewa kwamba sifa ninazomwagia kichuguu zinamhusu mwingine, kwa kuwa yeye amezikosa. Kifungu cha 53 cha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 kinasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi moja kwa moja, haki yake haipotei kwa kupita kwa wakati. Kabla ya hapo, mwaka 1966, sheria ya Bakajika ilikuwa imeshairudishia Serikali ardhi na kilicho chini yake. Kanuni ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema hivyohivyo kwa kilicho chini. Vizuri sana. Nchi hii basi ina mwenye udongo mmoja, juu na chini. Tumwangalie huyo mwenye udongo na wapangaji wake wakubwa wamefanya nini, kisha tulinganishe na mdudu.

Lubumbashi ina aina mbili za vilima. Kuna vichuguu, na kuna ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru la shaba, kando ya bomba refu la moshi linaloonekana mji mzima. Vyote viwili ni udongo uliotolewa chini ukawekwa juu. Mchwa wamepandisha wao kwa miaka elfu mbili, na ukipanda mahindi juu yake yanakupita kichwa. Tanuru lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na upande ambao upepo ulipeleka moshi wake ardhi ikabaki uchi, mpaka watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakalazimika kujaribu majani na miti inayostahimili sumu, wakiijazia mashimo ya kupandia chokaa na mboji ili ishike. Wamechunguza pia bustani za mboga za mjini, wakakuta shaba, kobalti na ndugu zake kwenye udongo na kwenye majani tunayokula. Mwaka 2009 utafiti mwingine ulitangaza kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga ulikuwa na kobalti kwa kiwango kikubwa kuliko kilichowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Sisi wengine tunaitoa kwa njia ya choo, na hatupati mrabaha.

Wote wanachimba: mchwa, kampuni, na kijana anayeingia shimoni na tochi kichwani kwa sababu shamba la baba yake limekuwa kibali cha mtu. Tofauti ni kile kinachobaki. Mchwa akihama anaacha udongo bora kuliko alioukuta. Kampuni ikihama inaacha shimo, ziwa la rangi isiyo na jina, na kibao cha "hatari" kilichoandikwa kwa Kifaransa. Na huku mji ukiwa umekaa juu ya ardhi pana hivi, bukari yetu inangoja malori ya mahindi ya Zambia. Kasumbalesa wakifunga mpaka kidogo, bei ya unga inapanda kabla ya jua kutua. Mji unaosafirisha udongo wake kwa tani unakosa udongo wa kulisha watoto wake.

Kwa hiyo napendekeza kichuguu kipewe ofisi. Kipewe ardhi kwanza, maana kinajua kuitunza. Kikifanya vizuri kipewe na madini. Mshahara hakihitaji. Gari hakihitaji. Kitaajiri milioni kwa siku moja, hakuna hata mmoja atakayekuwa mpwa wa waziri, na faili zikiliwa, zitaliwa zote.

Nikikataliwa, nina dai dogo zaidi, na hili naliandika kwa adabu zote. Kama udongo ni wa Serikali peke yake, basi kichuguu kilicho nyuma ya choo changu ni mali ya Serikali, na mchwa waliomo ni watumishi wake walioajiriwa muda mrefu kuliko wote. Wamevunja nyumba ya raia wakiwa kazini. Nadai fremu moja ya muvula, paa la jikoni, na jozi ya viatu vya harusi, namba 42. Karatasi za parsele mnaweza kubaki nazo. Yule bwana ameshapata zake.